Zinia Ndefu za Mama Oliva

Herman alimwambia ni kwa mwezi mmoja tu. Fabiola angekaa kijijini Masakta kwa mama mkwe wake wakati yeye anatafuta chumba Arusha, kisha angekuja kumchukua. Ilikuwa Agosti ya mwaka 1998, wiki ya pili baada ya harusi yao, na kwa sababu ya huo mwezi mmoja Fabiola alibeba begi moja. Godoro lake, sufuria tatu na cherehani ya mkono aliviacha kwa rafiki yake aliyekuwa akifanya naye kazi kwenye shamba la maua. Hakuviona tena.

Alikuwa na miaka ishirini na moja, binti wa katekista wa upande wa Mbulu. Mjomba wake ndiye aliyempeleka Arusha, enzi zile serikali ilipofungua milango kwa wawekezaji na mashamba ya maua yakaanza kuota karibu na mji. Ndani ya mabanda marefu ya nailoni alifundishwa kukata ua asubuhi kabla jua halijapanda, kupukuchua majani ya chini, kutumbukiza shina kwenye ndoo safi papo hapo. Alikuwa na mkono mwepesi. Zaidi ya kazi, alikipenda chumba chake cha kupanga, kidogo, chenye ufunguo aliouvaa shingoni kwa uzi. Herman alikuwa utingo wa lori lililopeleka maboksi ya maua uwanja wa ndege, kijana mcheshi wa Hanang, anayejua kumchekesha mtu aliyechoka.

Mwezi ulikwisha, Herman hakuja. Alikuja Desemba, akamkuta mkewe ana mimba, akasema kazi ya lori imekwisha na sasa anakwenda Mererani kuchimba tanzanaiti. Alikuja tena mtoto wao, Oliva, alipobatizwa. Mara ya mwisho ilikuwa Pasaka ya mwaka 2000. Alikaa siku tatu, akapaka chokaa ukuta mmoja wa nyumba ya mama yake, akaondoka kabla ya kuumaliza. Mwaka uliofuata mtu mmoja wa Katesh aliyetoka huko machimboni alisema Herman alishavuka kwenda kusini, akifuata mawe mengine. Kusini wapi, hakujua. Baada ya hapo hakukuwa na barua wala salamu.

Kufikia wakati huo Fabiola alikuwa ameshikwa kwa namna nyingine. Mama Lucia, mama yake Herman, mjane, mwanamke mrefu mkavu aliyezoea kwenda mwenyewe mnadani na kurudi na mbuzi, aliteleza kwenye matope karibu na zizi akavunjika nyonga. Kwa wiki tatu alitibiwa nyumbani na mtaalamu wa mifupa wa kijiji. Walipompeleka hospitali ya Haydom kwa basi, amelazwa juu ya magunia, muda ulikuwa umeshapita. Madaktari walifanya walichoweza. Alirudi akiweza kuketi. Kusimama, basi tena.

Tangu hapo maisha ya Fabiola yalipimwa kwa umbali wa sauti. Alimwamsha Mama Lucia, akamwogesha, akamgeuza ili mgongo usitoke vidonda, akamketisha kwenye kiti cha mbao kando ya dirisha. Halafu aliweza kwenda mpaka pale ambapo angeweza kumsikia akiita. Zizini, sawa. Shamba la mahindi la karibu, sawa. Kisimani hapana, kwa hiyo kisimani alikwenda akikimbia na kurudi akikimbia, maji yakimwagika mabegani. Kanisani alikwenda Jumapili moja moja, jirani alipokubali kukaa na mgonjwa. Oliva alijifunza kutembea akishika miguu ya kiti cha bibi yake.

Hakukaa kimya. Alimwendea paroko, akaambiwa kwa upole kwamba ndoa ni ndoa, na maadamu hakuna anayejua kama Herman amekufa, yeye ni mke wa mtu. Alimwandikia baba yake, na baba akajibu kwa mwandiko wake mzuri wa kikatekista kwamba avumilie. Mwishowe alikwenda kwa Bura, kaka mkubwa wa Herman, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya korongo na ndiye aliyekuwa msemaji wa mashamba yote ya ukoo. Bura hakuwa mtu wa kelele. Alimsikiliza mpaka mwisho, huku akichonga mpini wa jembe.

"Shemeji, hapa hakuna aliyekufunga," alisema. "Ukitaka kwenda, nenda. Lakini Oliva ni mtoto wa ukoo huu, hatoki. Na mama, utakuwa umemwacha wewe, siyo mimi."

Fabiola alirudi nyumbani, akasonga ugali.

Mwanzoni mwa mwaka 2002 shule ya msingi ilipata mwalimu mpya, Kissa, msichana wa Rungwe aliyeletwa na serikali mahali ambapo hakujua hata kusalimia kwa Kiiraqw. Alikuwa mpweke, akawa anakuja kwa Fabiola kununua maziwa na kukaa zaidi ya maziwa yenyewe. Kuzunguka nyumba yake ya shule Kissa alipanda maua aliyotoka nayo kwao: zinia, siyo zile fupi za kupamba njia, bali ndefu, zinazofika kifuani kwa mtu, nyekundu, za chungwa, za zambarau, zenye vichwa vilivyojaa kama vimefumwa. Fabiola alipoziona mara ya kwanza, aliinama akapapasa shina chini ya ua, akalitikisa kidogo.

"Hii inakatika," alisema. "Hili ni ua la kukata, mwalimu. Lina shina."

Kissa alicheka, kwa sababu kwao zilikuwa maua tu. Lakini zilipokauka alimletea mbegu ndani ya bahasha aliyoikunja kwa karatasi ya mtihani. Zilikuwa nyembamba, za kijivu, zimechongoka upande mmoja.

Mvua zilipoanza mwezi wa kumi na mbili, Fabiola alilima kipande kati ya dirisha la Mama Lucia na kihenge. Hakukichagua kwa uzuri wa udongo. Alikichagua kwa sababu pale angeweza kumsikia. Alichanganya samadi iliyooza. Hakuatika kitaluni, maana Kissa alimwonya kwamba zinia hazipendi kung'olewa na kuhamishwa. Alipanda moja kwa moja, kina cha ukucha, mche kwa mche umbali wa kiganja na nusu. Siku ya tano zilitoboa. Zilipofika magotini, zikiwa na jozi nne za majani, alichukua kisu akakata ncha za miche yote.

Mama Lucia alikuwa anaangalia dirishani. Aliuliza kama Fabiola amepata wazimu, kuchinja mimea yenye afya. Hata Kissa alishtuka. Lakini kila mche uliokatwa ulitoa matawi manne, mengine sita, na kila tawi likapanda juu likitafuta jua. Alichimbia fito, akazungusha kamba za katani ili upepo wa mlima Hanang usiziangushe. Alimwagilia kwa kopo chini kabisa ya shina, kwa sababu majani yakilowa jioni yanapata ule ukungu mweupe kama unga uliomwagika.

Mwishoni mwa Februari zilichanua. Fabiola alisimama katikati yake alfajiri moja, umande mikononi, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye lile basi alifanya kitu alichokuwa anakijua kuliko mtu mwingine yeyote pale. Alishika kila shina chini ya kichwa akalitikisa. Lililolegea aliliacha. Lililosimama kama waya alilikata kwa chini, juu ya jozi ya majani, ili pale pachipue tena.

Ndoo ya kwanza Kissa aliipeleka Katesh, kwenye harusi ya mwalimu mwenzake. Huko ikaonekana na Konsolata, mpambaji wa kumbi, mama wa makamo aliyehamia Babati mara tu aliposikia kuna mkoa mpya. Mkoa wa Manyara ulikuwa na miezi tu. Babati ilikuwa inajaa ofisi na watumishi waliotoka kila pembe, na watumishi wanaoa, wanaagana, wanapokea wageni, na kila sherehe inataka meza kuu yenye maua. Maua yalikuwa yakitoka Arusha yakifika yamechoka. Konsolata alituma ujumbe kupitia konda wa basi la Haydom: kila Ijumaa ndoo mbili, na kama zipo tatu, tatu.

Hivyo ndivyo maua yalivyoanza kusafiri. Alhamisi jioni Fabiola alikata ya kwanza, Ijumaa alfajiri akamalizia. Oliva alishika kamba. Na kazi ya kupukuchua majani, kwa kuwa ni kazi ya kuketi, Fabiola alimwekea Mama Lucia mapajani, bila kufikiri sana, siku moja alipozidiwa.

Yule mama alibadilika. Mikono yake, iliyokuwa imelala juu ya blanketi kwa miaka mitatu, ilijua kazi ile ndani ya saa moja. Alianza kuuliza, leo ni Alhamisi? Alianza kula. Alitaka achanwe nywele kabla konda hajafika, ingawa konda aliishia barabarani na hakumwona. Alikuwa na maoni: nyekundu na za chungwa zikae pamoja, za zambarau peke yake. Fabiola alifurahi kumwona hivyo, na pia aliona kitu kilichomtia baridi. Zamani Mama Lucia alimhitaji kwa sababu hawezi kusimama. Sasa alimhitaji kwa sababu ya Alhamisi.

Bura naye hakuchelewa. Msimu wa kwanza alicheka kwamba shemeji yake analima kitu ambacho hata mbuzi hamalizi. Msimu wa pili alivuka korongo akahesabu ndoo kwa macho, akasema kipande kiongezwe, kichukue na sehemu ya mahindi. Alimleta mkewe aonyeshwe kazi. Alizungumza kwenye vikao vya ukoo juu ya "maua yetu". Fabiola alikuwa ameanza kupanda akidhani, kwa siri hata kwake mwenyewe, kwamba zinia zingemtengenezea njia ya kutoka. Sasa alianza kuelewa kwamba kabla ya maua alikuwa mke wa mtu aliyepotea, ambaye akienda watamlaumu kisha watasahau. Baada ya maua amekuwa mtu wa kutegemewa, na mtu wa kutegemewa haachiwi aende hivi hivi.

Likizo ya Pasaka ya mwaka 2004 Kissa alimwambia, "Dada, nenda siku moja uone maua yako yanakokwenda. Nitakaa na bibi mimi." Fabiola alikataa mara mbili, mara ya tatu akakubali. Alipanda basi na ndoo zake tatu, akazibana kati ya magoti njia nzima.

Ukumbi wa Babati ulikuwa na mapazia mapya na feni darini. Alimsaidia Konsolata kupanga, na mikono yake ilikwenda haraka kuliko ya wasichana waliolipwa. Wageni walipoanza kuingia, Konsolata alimvuta nyuma, jikoni, akamkalisha juu ya kreti la soda, akamweleza bila kuzunguka. Alikuwa na nusu eka karibu na ziwa, mahali maji yanapopatikana hata kiangazi, maua yanaweza kukatwa karibu mwaka mzima. Alikuwa na chumba nyuma ya nyumba yake. Shule ya Oliva ingekuwa umbali wa kutembea. Alichokosa ni mtu anayejua.

"Njoo kabla ya mvua za Novemba," alisema. "Nikishaanza na mwingine, nimeanza."

Kurudi, Fabiola aliangalia dirishani mwa basi na hakuona kitu. Alikuwa anafikiria chumba chenye mlango unaofungwa kwa ndani.

Alianza kujiandaa kwa njia pekee aliyoweza. Shamba lilikuwa la ukoo, ng'ombe wa ukoo, hata fito zilikatwa kwenye miti ya ukoo. Kitu pekee ambacho angeweza kutoka nacho bila mtu kusema ameiba ni mbegu. Mvua zilipokatika aliacha vichwa bora vikauke juu ya mashina mpaka vikawa vya kahawia. Alivikata, akavianika kwenye ungo, akavibomoa kwa vidole, akachagua mbegu nono akatupa makapi. Msimu ule alikusanya nyingi kuliko uliotangulia. Na alipanga siku: Jumatatu moja ya Septemba. Angemwogesha Mama Lucia, angemketisha, angemwekea maji na uji karibu, halafu yeye na Oliva wangeshika njia ya barabarani. Mke wa Bura hupita kwenda kisimani kabla ya mchana. Angesikia. Fabiola alipiga hesabu ya saa ambazo mgonjwa angekaa peke yake mara nyingi, na kila mara zilitoka chache kidogo kuliko ilivyowezekana kweli.

Mwezi wa nane, mchana wenye jua la kiangazi, yeye na Mama Lucia walikuwa wameketi nje ya mlango wakichambua. Oliva alikuwa amekwenda kucheza kwa majirani. Ungo ulikuwa mapajani mwa Mama Lucia, naye alikuwa akipitisha mbegu kati ya vidole polepole, akazirudisha, akazipitisha tena.

"Hizi ni za shamba la wapi?" aliuliza.

Fabiola alisema ni za hapa, za mwaka ujao.

"Hapa panaingia mbegu za viganja viwili. Mimi ndiye niliyezichambua mwaka jana, nakumbuka. Hizi zinajaza debe." Hakuinua macho. "Sikuulizi unakwenda wapi, mwanangu. Ningekuwa na miguu, na mwanamume amenifanyia alivyokufanyia Herman, ningekwenda zamani. Nakuomba kitu kimoja tu. Uniambie siku. Usiniache nikuite mpaka sauti ikauke, nisijue kama umekwenda kisimani au umeondoka."

Fabiola aliendelea kubomoa kichwa kimoja cha ua mpaka kikawa unga, mbegu na makapi pamoja. Kilichomuumiza ni kwamba yule mama hakumwomba abaki. Angemwomba abaki, angekuwa na kitu cha kukasirikia. Hilo alilomwomba lilikuwa dogo mno, mtu yeyote angelitoa, na alijua kwamba siku akilitoa, miguu yake haitafika barabarani.

Jumatatu ya Septemba ilikuja. Alimwogesha Mama Lucia, akamketisha, akaweka uji karibu. Basi lilipiga honi kule barabarani saa yake ileile. Mama Lucia aligeuza uso kuelekea mlio, akasubiri, halafu akamtazama Fabiola aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo tupu. Fabiola alikwenda kisimani. Alipita pale sauti isipofika, akateka maji, akarudi akikimbia kama kawaida, na uji ulikuwa haujaguswa.

Wiki iliyofuata Mama Lucia alimtuma Oliva kumwita Bura. Aliagiza pia aje Mzee Akonaay, mdogo wa marehemu mumewe, na balozi wa nyumba kumi, Mzee Margwe. Walipofika na kukalia mabenchi, Fabiola aliwapa shikamoo wazee, akawawekea chai, akataka kutoka. Mama Lucia akamwambia akae.

Alizungumza kwa muda mrefu kuliko walivyozoea kumsikia. Alieleza miaka yote ya ugonjwa wake, siku kwa siku, mambo ya kuoshwa na kugeuzwa ambayo wanaume wale hawakupenda kuyasikia. Kisha akasema alilowaitia. Mama Oliva akitaka kwenda, aende na mtoto wake. Yeye, mama yake Herman, ndiye anayesema, na balozi ashuhudie. Bura akauliza, kwa heshima, nani atamhudumia.

"Nyumba hii ilikuwa na watoto wawili wa kiume," alisema Mama Lucia. "Mmoja bado yuko."

Mzee Akonaay alisema amesikia. Balozi alisema ameshuhudia. Bura alikunywa chai yake yote, akaaga, akavuka korongo.

Lakini mambo ya ukoo hayaendi kwa siku moja. Ilibidi mke wa Bura ajifunze kumbeba mgonjwa, na mgongo wake ukamsumbua. Ilibidi msichana wa ndugu atafutwe, akapatikana, akakaa wiki, akatoroka. Novemba ikapita. Fabiola alituma ujumbe mara mbili kwa konda kwamba atachelewa, na mara zote konda alirudi akisema ameufikisha, hajapewa jibu. Wiki ya pili ya Desemba, mke wa Bura alipokubali kushinda pale kutwa nzima, Fabiola alikwenda Babati mwenyewe, mbegu kwenye mkoba.

Alimkuta Konsolata dukani kwake, kwenye fremu mpya aliyopanga. Sakafuni palikuwa na magunia ya nailoni yaliyofunguliwa, na ndani yake maua: waridi, yungiyungi, hata zinia, ya rangi ambazo udongo hautoi, yakiwa na matone ya umande wa gundi. Yalitoka Dar es Salaam, na kabla ya hapo China. Konsolata aliona aibu kidogo, lakini hakudanganya.

"Hayanyauki, mdogo wangu. Nayapanga Jumamosi, nayaosha Jumapili, nayapanga tena. Wateja wenyewe ndio wanayataka, wanasema ni ya kisasa. Lile shamba nimempa mtu wa vitunguu."

Alimpa chai na chapati. Alimwambia ataendelea kuchukua ndoo moja siku moja moja, kwa meza kuu, kama mwenye sherehe ni mtu wa kizamani. Fabiola alichukua ua moja la plastiki, akashika shina chini ya kichwa, akalitikisa kwa mazoea. Lilisimama imara. Alilirudisha kwenye gunia.

Basi la kurudi lilikuwa saa nane. Alipanda. Hakulia ndani ya basi. Aliushika mkoba wa mbegu mapajani mpaka Masakta. Sasa alikuwa na ruhusa ya kila mtu, na hapakuwa na mahali pa kuipeleka. Mbulu kwa wazazi wake kungekuwa kurudi kwenye kitanda cha utotoni na mtoto wa miaka mitano. Kissa, aliyehamishiwa huko mwaka ule, alikuwa amejaribu mbegu zile kwenye bustani yake na zikaoza kwa baridi ya milima kabla ya kutoboa. Arusha hakumjua mtu tena.

Mama Lucia alikuwa kwenye kiti chake. Alimwuliza amesemaje yule mama wa Babati.

"Amesema nisubiri kidogo," Fabiola alisema.

Mama Lucia alimtazama usoni kwa muda. "Basi tutasubiri," alisema, akaomba ageuzwe, maana mke wa Bura alimketisha vibaya.

Ule uongo waliuishi pamoja mwaka mmoja na nusu. Mara kwa mara Mama Lucia aliuliza kama ujumbe umekuja kutoka Babati, na Fabiola alijibu bado, na hakuna aliyemcheka mwenzake. Maua yaliendelea kupandwa. Ndoo za Babati zilipopungua, Fabiola alianza kwenda Haydom Jumamosi moja moja, msichana mwingine wa ndugu alipopatikana. Aliketi karibu na stendi, mahali wanaposhuka watu wanaokuja kuwaona wagonjwa wao, na wengine walinunua fungu moja, hasa waliotoka mbali ambao hawakubeba kitu kingine.

Mama Lucia alifariki Juni ya mwaka 2006, kwa kichomi, mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Oliva. Juni ni baridi. Hakukuwa na ua hata moja lililosimama shambani, mashina makavu tu. Bura alikwenda Katesh akarudi na shada la plastiki jekundu na jeupe lililofungwa kwa karatasi inayong'aa, na ndilo lililowekwa juu ya jeneza. Fabiola alilitazama wakati wote wa misa. Watu walisema ni zuri.

Baada ya matanga Bura alimwita, akamwambia kwamba neno la mama yake liko palepale. Shemeji na mtoto wanaweza kwenda wakati wowote. Wakibaki, kipande cha maua na nyumba ni vya kwao kutumia. Alisema vizuri, kwa moyo mweupe, na Fabiola akamshukuru. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alikaa kwenye kile kiti cha dirishani jioni ile, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kukikalia, akajaribu kufikiria mji wowote, mlango wowote, na kila alipoufungua akakuta mtu anayemuuliza, mume wako yuko wapi?

Hakuondoka. Novemba alipanda, na mke wa Bura akapanda upande wake. Oliva aliingia darasa la pili. Herman hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari kwamba amekufa, kwa hiyo kwenye daftari la parokia Fabiola ni mke wake mpaka leo.

Kitu kimoja tu kilibadilika, na majirani walikiona ingawa hawakukisema. Jumamosi alizokwenda Haydom alikuwa akimaliza kuuza mapema, na basi la kwanza la kurudi alikuwa akiliacha liende. Alinunua maandazi mawili, akaketi kwenye benchi la stendi katikati ya watu wasiomjua wala kumwita, ndoo tupu miguuni, akawatazama wakishuka na kupanda. Mara moja Bura alimwuliza kwa nini siku hizi anachelewa. Alimjibu kwamba mabasi yanajaa.

Akarudi na lile la mwisho.